Google Maps, Waze, Apple Maps au Organic Maps: ipi ikuongoze barabarani, nyumbani na nchi ya watu

Apu za kuelekeza njia ziko nyingi na karibu zote ni bure, na zote zinajua kukwambia kata kulia baada ya mita mia mbili, ndo maana wengi wetu tunabaki na ile iliyokuja na simu na hatuulizi zaidi. Shida inaanza pale unapotaka kuitumia hiyohiyo nchi nyingine, umekodi gari, laini yako haina romingi, wenyeji wanaendesha upande usiouzoea na vibao vimeandikwa lugha huijui. Apu uliyoizoea nyumbani inaweza isikusaidie kabisa huko japo haina ubaya wowote, ilitengenezwa tu kwa mazingira mengine. Kwahiyo mi sitafuti apu bora ya watu wote. Nataka kujua kila moja inaishiwa nguvu wapi, alafu mtu anapanga kulingana na barabara anayoenda.

Nalinganisha nne: Google Maps, Waze, Apple Maps, na zile zinazotumia OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, ambazo nitazisemea kupitia apu mbili, Organic Maps na OsmAnd. HERE WeGo, apu nyingine ya ramani, nitaigusa pale inapobadilisha hesabu.

Tunapima nini

Vitu vitano. Intaneti ikikata inakuwaje. Foleni inaijuaje. Ramani yenyewe ina uhakika kiasi gani na ukitafuta mahali unapapata. Ukivuka mpaka, kuna nchi haifanyi kazi au kuna sheria itakayokuingiza matatani. Na mwisho mambo ya matumizi ya kila siku, yaani skrini ya gari, betri, pesa na faragha. Uzito wa kila kimoja unautoa wewe, ila kwa anayesafiri nje mi naona cha kwanza na cha nne vinazidi vingine vyote.

Intaneti ikikata

Kwanza tuweke sawa kitu kinachochanganya watu wengi: GPS haili bando. Simu inapokea tu mawimbi ya satelaiti zinazozunguka karibu kilomita 20,200 juu yetu, yenyewe haitumi chochote huko. Kinachokula intaneti ni kuleta ramani, kutafuta majina ya mahali na taarifa za foleni. Maana yake ramani ikiwa tayari iko kwenye memori ya simu, simu isiyo na laini kabisa bado inajua uko wapi na inaweza kukuongoza. Kasoro moja ni kwamba bila intaneti simu inachelewa kidogo kujipata mara ya kwanza, sababu taarifa za satelaiti zinakuja taratibu sana, biti 50 kwa sekunde, wakati ukiwa na mtandao simu inazivuta haraka kwa njia ya pembeni. Kwahiyo ukichukua gari la kukodi kwenye paking ya chini ya ardhi, toka nje kwanza, simama sehemu salama yenye anga wazi, subiri nukta itulie ndo uondoke.

Google Maps unachagua eneo kwa boksi unalidaunlodi. Likishaingia, inakuelekeza kwa gari bila mtandao, ila hupati foleni, hupewi njia mbadala na maelekezo ya leni hayapo. Kutembea kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma oflaini hakuna, na hilo linawakwaza sana watu wakishapaki gari mbali na hoteli. Kuna sehemu za dunia ambazo haikuruhusu kudaunlodi kabisa kwasababu ya mikataba ya data na mambo mengine ya lugha na anwani, kwahiyo hakikisha ukiwa bado nyumbani na usisubiri ufike. Na hivyo vipande vina muda wa kuisha, viapdeti kwenye waifai kabla ya safari.

Apple Maps ilikuwa nyuma miaka mingi kwenye hili, ila tangu iOS 17 ya mwaka 2023 inadaunlodi maeneo, na oflaini yake inakupa gari, miguu, baiskeli na usafiri wa umma, pamoja na makadirio ya muda wa kufika. Kwa mwenye iPhone hiki ni kitu kikubwa na wengi hawajui kipo.

Waze haina ramani za kudaunlodi. Ukianza safari ukiwa na mtandao na njia imeshapangwa, mtandao ukikata katikati itaendelea kukuongoza kwenye njia ileile, lakini ukikosea kona sehemu isiyo na mtandao, basi tena, haina cha kukupangia upya. Sio kasoro ya bahati mbaya, apu nzima imejengwa juu ya taarifa za sasa hivi.

Organic Maps na OsmAnd hapa ndo nyumbani kwao. Unadaunlodi nchi au mkoa mzima, unazima intaneti, na kila kitu kinaendelea vilevile: kutafuta, kupanga njia ya gari, ya baiskeli na ya miguu, na kupanga upya ukipotea. Organic Maps haina kikomo cha kudaunlodi, OsmAnd ya bure kwenye Android inakuwekea idadi ndogo ya ramani alafu unalipia zaidi. HERE WeGo nayo inafanya hivi bure nchi nzima nzima. Hii ndo apu iliyotokana na ramani za Nokia, na mwaka 2015 kampuni ya HERE ikanunuliwa na Audi, BMW na Daimler kwa pamoja, ndo maana ramani yake imekaa kigari zaidi.

Foleni

Waze ilianzia Israel, Google wakainunua mwaka 2013, ila wameiacha iishi na tabia yake. Nguvu yake ni madereva wenyewe: ajali, gari limeharibika pembeni, shimo, polisi, barabara imefungwa, mtu anabonyeza na wa nyuma yake wanaona. Mji wenye watumiaji wengi wa Waze, sijaona inayoifikia kwa wepesi wa kukwambia kilichotokea dakika tano zilizopita. Mji wenye watumiaji wachache au barabara ndefu ya porini, hiyo faida inapotea karibu yote, sababu hakuna wa kuripoti.

Google Maps inasoma mwendo wa simu zilizoko barabarani. Simu nyingi zikienda taratibu, barabara inakuwa nyekundu. Februari 2020 msanii wa Berlin, Simon Weckert, alionyesha video akivuta kitoroli chenye simu 99 na mtaa mtupu ukageuka mwekundu kwenye ramani, ambayo ni njia nzuri sana ya kuelewa inavyofanya kazi na pia kwamba inaweza kudanganyika. Kwa siku za kawaida lakini, wingi wa simu za Android duniani unaifanya ijue foleni sehemu nyingi ambazo wengine hawana habari. Apple Maps nayo inakusanya kutoka iPhone na tangu 2021 inakuruhusu kuripoti ajali na hatari, kwahiyo ubora wake unafuata wingi wa iPhone mahali ulipo. Organic Maps haina foleni kabisa, na OsmAnd usiitegemee kwa hilo.

Sasa hapa niseme kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Njia ya haraka na njia nyepesi ni vitu viwili tofauti. Waze inapenda kukukwepesha, inakuingiza mitaa ya ndani, kona nyingi, njia za mkato, ili uokoe dakika kadhaa. Ukiwa mji wako hiyo ni raha maana unajua hiyo mitaa na unajua wapi pana tuta. Ukiwa nchi ya watu, umekaa upande wa gari usiouzoea, mkono unatafuta gia usipoijua, kila kona ya ziada ni nafasi ya ziada ya kuingia upande usio wako. Dereva mgeni anahitaji barabara kubwa, kona chache, na muda wa kutosha wa kusoma kibao, hata akichelewa dakika kumi. Kwahiyo ugenini usikubali njia ya kwanza unayopewa. Google Maps ikiwa na mtandao inakuonyesha njia mbili tatu, chagua yenye kona chache, na angalia pia kile kialama cha jani la kijani, maana kinamaanisha njia ya kuokoa mafuta ambayo sio lazima iwe ya haraka wala nyepesi.

Na kwa barabara za vumbi, Waze ina setingi nzuri ya kuziruhusu, kuzikataa, au kukataa zile ndefu tu. OsmAnd na Organic Maps nazo zinakuruhusu kuzikwepa. Ukikodi gari dogo, nenda kwenye hizo setingi kabla hujawasha gari, na usome pia mkataba wa gari unasemaje kuhusu barabara zisizo na lami.

Ramani yenyewe na kutafuta mahali

Kutafuta jina la duka, hospitali, hoteli, saa za kufungua, picha za mlango, Google Maps inaongoza kwa mbali sehemu nyingi za dunia na sina la kubishana hapo. Waze inajua mahali pengi pia lakini macho yake yako barabarani. Apple Maps ilianza vibaya Septemba 2012, mpaka bosi wao Tim Cook akaomba radhi hadharani, na Desemba mwaka huohuo polisi wa jimbo la Victoria, Australia wakatoa onyo baada ya madereva waliokuwa wanaenda mji wa Mildura kupelekwa katikati ya hifadhi ya Murray-Sunset, karibu kilomita 70 kutoka mji wenyewe, sehemu isiyo na maji na ambako joto linaweza kufika nyuzi 46. Wamerekebisha, na tangu hapo wametengeneza ramani mpya nchi baada ya nchi, ila ubora bado haulingani kila mahali. Nakitaja hiki kisa kwasababu kinahusu apu zote: kabla hujaondoka, vuta ramani nyuma uone njia nzima kwa jicho, inapita miji gani, inaelekea upande gani. Kosa la kilomita 70 linaonekana kwa sekunde tano ukiangalia hivo, na halionekani kabisa ukifuata mshale peke yake.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na inachorwa na watu wa kujitolea. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010 ndo dunia iliona uwezo wake, watu walikaa kwenye kompyuta zao wakachora Port-au-Prince kutoka kwenye picha za satelaiti ndani ya siku chache tu, na waokoaji wakaitumia. Kwahiyo utakuta kijiji kina kila njia na kila kisima kwenye Organic Maps wakati kwenye apu nyingine ni patupu, lakini pia utakuta mji mkubwa ambako namba za nyumba hazijajazwa na duka lililofungwa zamani bado lipo. Uzuri ni kwamba ukiona kosa unaweza kulirekebisha mwenyewe, na wengine wote wanaotumia ramani hiyo wakanufaika.

Kuna ujanja unaounganisha hizi dunia mbili: tafuta mahali kwenye Google Maps ukiwa na mtandao, bonyeza na kushikilia hapo mpaka zitokee namba za latitudo na longitudo, zikopi, alafu uzibandike kwenye sehemu ya kutafuta ya Organic Maps au OsmAnd na uhifadhi nukta. Fanya hivo kwa hoteli, kwa uwanja wa ndege, kwa ofisi ya kurudishia gari, na kwa rafiki utakayemtembelea. Dakika kumi za maandalizi, na hata laini ikigoma unajua pa kwenda.

Ukivuka mpaka

Kuna nchi apu yako ya kila siku haitakufaa. Korea Kusini ni mfano maarufu: kwa miaka mingi sheria zao za kutoa data za ramani nje ya nchi zimeifanya Google Maps ishindwe kutoa maelekezo ya gari huko, na wenyeji wanatumia Naver Map, KakaoMap na TMAP. China huduma za Google zimefungwa, alafu ramani zao zinatumia mfumo wa vipimo uliosogezwa kwa makusudi, kwahiyo kwenye ramani isiyofuata mfumo huo nukta yako inaweza kuonekana mita mia kadhaa pembeni ya barabara uliyopo. Huko wanatumia Amap na Baidu, na Apple Maps inafanya kazi kwasababu inatumia data za ndani.

Halafu sheria. Zile tahadhari za kamera za spidi ambazo watu wanaipendea Waze, Ujerumani dereva haruhusiwi kuzitumia akiwa anaendesha, faini ni euro 75 na pointi moja ya adhabu kwenye rekodi ya dereva. Uswisi nayo inakataza. Ufaransa apu zinaonyesha maeneo ya hatari badala ya kamera yenyewe ilipo. Haijalishi ni apu gani, zima hiyo setingi kabla ya mpaka. Uingereza, tangu Machi 2022, kushika simu mkononi ukiwa unaendesha kunaweza kukupa faini ya pauni 200 na pointi 6, hata kama umesimama kwenye taa, kwahiyo kishikio cha simu ni cha lazima na njia unaipanga kabla hujaondoka.

Tozo za barabara nazo zinauma mifukoni. Apu zote nne zina setingi ya kukwepa barabara za kulipia, ila nchi kama Uswisi na Austria unalipia kibali cha kutumia barabara kuu kwa muda, hukuti kizuizi njiani cha kukusimamisha, na usitegemee apu ikukumbushe kukinunua. Waze ina sehemu ya kuweka vibali ulivyonavyo, na hilo nalisifia. Ukienda nchi za Umoja wa Ulaya, laini ya nchi mojawapo ya wanachama inafanya kazi nchi nyingine za Umoja kwa bei ya nyumbani tangu Juni 2017, Uswisi haimo kwenye huo mpango, kwahiyo unavuka mpaka kidogo tu na bando linageuka kitu kingine. Hapo ramani ya oflaini inalipa.

Matumizi ya kila siku

Skrini ya gari: Google Maps na Waze zinaingia CarPlay (ya iPhone) na Android Auto (ya simu za Android), yaani mifumo ya kutoa apu ya simu kwenye skrini ya gari, Apple Maps ni CarPlay tu, Organic Maps na HERE WeGo zinaingia kote, OsmAnd uangalie unalipia kipengele gani. Betri zote zinakula, skrini ikiwaka muda wote na jua la kioo cha mbele likiipiga simu inapata moto mpaka inajizima, kwahiyo iweke karibu na njia ya hewa ya baridi ukiweza. Kwenye mahandaki marefu GPS haifiki, ila baadhi yana vifaa vya bluetooth vya kuisaidia simu ijue ilipo, ambavyo Waze ndo walivianzisha, na Google Maps ya Android ina setingi ya kuvitumia.

Pesa, zote nne unaweza kuzitumia bila kulipa. Waze inakuonyesha matangazo ukisimama. Google inaishi kwa data na matangazo, na kama historia ya safari zako inakusumbua unaweza kuizima. Apple inasema haiunganishi safari na akaunti yako. Organic Maps haina matangazo wala haifuatilii mtu, inaendeshwa kwa michango, na kwa ninavyoona wanastahili kuchangiwa.

Kwahiyo we uko wapi

Unaendesha kila siku mji uleule wenye foleni, mtandao upo, barabara unazijua: Waze itakufaa kama wenzako wa hapo wanaitumia, na kama hawaitumii Google Maps itakupa foleni bora zaidi. Jaribu zote wiki mojamoja kwenye njia yako ya kazini, njia unayoijua ndo inakuonyesha apu inadanganya wapi.

Una iPhone na hutaki vitu vingi: Apple Maps inatosha nchi ambazo ramani yake imekomaa. Tafuta kwanza mahali matatu unayoyajua vizuri, ukiyakuta yote sawasawa endelea nayo.

Unaenda nje mara moja moja, utakaa mijini, utanunua laini au eSIM (laini isiyo na kadi) ukifika: Google Maps yenye eneo lililodaunlodiwa, na pembeni yake Organic Maps ya nchi hiyo kwa ajili ya kutembea kwa miguu na siku ambayo mtandao utagoma.

Unavuka nchi kadhaa kwa gari, vijijini, milimani: anza na HERE WeGo au OsmAnd, nchi zote zikiwa kwenye memori, na Google Maps uifungue ukipata waifai kuangalia kama kuna barabara imefungwa mbele. Waze hapa iache ipumzike.

Una wasiwasi na faragha, au simu yako ni ya zamani yenye nafasi ndogo: Organic Maps, chukua mikoa utakayopita tu na uifute ukirudi.

Unaenda Korea Kusini au China: daunlodi apu zao ukiwa bado nyumbani, ziwekee lugha unayoisoma kama ipo, na anwani za unakoenda ziwe zimeandikwa kwa lugha yao, uzibandike zilivyo kwenye sehemu ya kutafuta.